Lexus RX 350 ya mjomba au Harrier ya mnada? Naomba ushauri

Mngoni wa Kibaha

Wakuu habari za jioni.

Natafuta gari la familia na nimebaki na mawili mezani. Mjomba wangu anayeishi Leicester, Uingereza, ana Lexus RX 350 ya 2007. Ameliendesha mwenyewe tangu alinunue, vitabu vya sevisi anavyo, na limetembea maili 98,000. Anasema kodi ya barabara ya kule imemchosha, anataka kagari kadogo. Kwangu hataki bei ya soko, nimpe kidogo tu cha heshima, halafu meli na ushuru nijibebe mwenyewe.

La pili ni Toyota Harrier 240G, hii hii tako la nyani, nayo ya 2007. Ipo Japani, wakala wa hapa mjini kanitumia karatasi ya mnada: gredi 4 kwa gari zima, hali ya ndani B, kilomita 112,000.

Nakaa Kibaha, kazi ipo Posta. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 80, na kuanzia Kimara mnajua wenyewe. Desemba tunapanda Songea, mke, watoto watatu na mizigo ya kuvunja mgongo. Mfuko wangu, ukijumlisha kila kitu mpaka gari linasimama nyumbani na namba yake, unaishia milioni 32.

Maswali yangu. Je, Lexus ni gari bora kweli au ni Harrier iliyobandikwa nembo? Spea zikoje? Jamaa mmoja ofisini ananiambia spea za Lexus ni za kuagiza Dubai na kwamba taa moja ya mbele unauza kiwanja. Mke wangu kwa upande wake haogopi spea, anaogopa mafundi. Anasema fundi akiona ile nembo, hata kubadilisha oili bei inaruka mara tatu.

Natanguliza shukrani.

Kipanga

Mkuu chukua Lexus, hii dunia tunapita. Harrier zimejaa mpaka kero. Ukiegesha Mlimani City, ukitoka dukani inabidi ubonyeze rimoti ndiyo ujue lako lipi.

Dada Spea

Kaka Mngoni, msalimie shemeji, mwambie hofu yake ina msingi kuliko yako.

Mimi niko kaunta Gerezani, nauza spea za Toyota, mpya na za kutoka nje zilizotumika. RX za umbo hilo zinakuja dukani kila wiki. Majuzi kijana kaniletea stabilaiza linki ya mbele ya RX, kaifunga kwenye gazeti, anaifungua taratibu. Nikanyoosha mkono rafu ya Harrier nikashusha yetu, nikaziweka sambamba pale juu ya kioo: urefu ule ule, nati ile ile, pembe ya kichwa ile ile. Anaigeuza geuza, ananiuliza, "Dada, lakini hii ni ya Lexus?" Nikamwambia hii ni ya mguu wa mbele, ukipenda kuibandika nembo nembo zipo pale ukutani.

Sasa nikujibu vizuri.

Gari ni moja. Toyota walianza kuiuza Harrier Japani Desemba 1997. Mwaka uliofuata gari hilo hilo likaingia Marekani likiitwa Lexus RX 300. Japani kwenyewe kulikuwa hakuna Lexus wakati huo. Jina lilianzishwa mwaka 1989 kwa ajili ya Wamarekani, na Wajapani wakafunguliwa maduka ya Lexus mwaka 2005. Kwa hiyo hao wanaosema Harrier ni "Lexus ya masikini" wasome tarehe. Ikiwa kuna aliyemtangulia mwenzake sokoni, ni Harrier. Umbo la pili, hili unalolitaka, lilitoka 2003, na hayo mawili yako yote yana asili ya kiwanda kimoja, Miyata, mkoa wa Fukuoka. RX nyingine za soko la Marekani zilijengwa Kanada. Ukitaka kuhakikisha, mwambie mjomba akusomee namba ya chasisi: ikianza na JT imetoka Japani, ikianza na 2T imetoka Kanada. Usichanganye na Harrier za mwishoni mwa 2013 kuja huku, hizi zinazoitwa Anaconda. Hizo zilihamia ukoo wa RAV4, RX ikabaki na njia yake. Huko ndiko kwenye magari mawili tofauti.

Lakini hesabu yako ina mguu mmoja mfupi. Pacha wa RX 350 siyo 240G. Pacha wake ni Harrier 350G. Wewe umeweka injini ya silinda nne cc 2400 upande mmoja, na V6 ya cc 3500 upande wa pili, halafu unatuuliza kuhusu nembo. Injini ya 240G, inayoitwa 2AZ-FE, ina nguvu farasi 160 na gia nne. 2GR-FE ya mjomba inapita 270 na ina gia tano. Huo ndio uamuzi wako, na nembo haimo.

Mafuta, kwa njia yako hiyo ya nusu kutiririka nusu foleni, 2.4 iliyo nzima weka kilomita 8 kwa lita, 3.5 weka 6. Siku ishirini na mbili za kazi ni kilomita 1,760. Lita ikiwa elfu tatu, Harrier itakula 660,000 kwa mwezi na Lexus 880,000. Tofauti 220,000, kwa mwaka milioni mbili na laki sita na kitu. Ikiwa bei ya mjomba haikuokolei hela inayoweza kufidia hiyo kwa miaka miwili mitatu, basi zawadi yake utailipia kwenye pampu.

Spea za injini zisikuumize kichwa. 2AZ imejaa mjini: Alphard, Kluger, Ipsum, RAV4, Vanguard. 2GR ipo kwenye Alphard na Estima za 3.5 na Vanguard za V6, kwa hiyo pampu ya maji, koili, mota ya feni, hivyo vyote unavipata bila Dubai ya mtu. Kinachosumbua kwenye Lexus ni sura na umeme. Shoo ya mbele, yaani grili, ni yake, ya Harrier haikai. Taa zake, kama ni zile zinazogeuka na usukani, jamaa yako wa ofisini kaongeza chumvi kuhusu kiwanja lakini hajadanganya sana. Mota ya mlango wa nyuma unaojifungua wenyewe, swichi za viti, hivyo ukivikuta vimekufa utazunguka.

Na saiti mira! Gari lolote kati ya hayo, siku likitoka bandarini, kabla hujalala nalo usiku hata mmoja, peleka wakuchoree namba kwenye vioo, taa na saiti mira. Sitaki kukuona kaunta kwangu unanunua kioo chako mwenyewe.

Kuhusu mafundi, mwambie shemeji V6 ina plagi sita. Tatu ziko mbele, unaziona ukifungua boneti. Tatu ziko nyuma, upande wa dashibodi, na kuzifikia lazima lile bakuli la kuingizia hewa juu ya injini lifunguliwe lote, pamoja na gasketi yake. Kuna fundi anabadilisha tatu za mbele, anakuchaji sita, gari linatulia wiki mbili linaanza tena kukohoa. Wateja wananiletea plagi "za zamani" walizopewa na fundi niwauzie za aina hiyo hiyo, nakuta tatu zimeungua kikweli kweli na tatu ni za gari lingine kabisa, hata urefu haulingani. Wewe fundi akimaliza, dai zote sita uzihesabu, na uliza gasketi ya zamani iko wapi. Kama hana gasketi, nyuma hakugusa.

Mnyalu wa Ipogolo

Nina Harrier 240G, naiendesha Iringa na Dar. Kwa spea ni raha tupu, Dada Spea kasema kweli. Ila wenzetu mnaisifia 2AZ kama vile haina dhambi. Za miaka ile zina ugonjwa wa kula oili kupitia ringi za pistoni, na kuna zile ambazo nyuzi za bolti za silinda hedi huachia upande wa nyuma wa bloku, kulanti inaanza kuvuja kule usikokuona. Yangu inakula oili. Kila nikijaza tenki nachomoa dipstiki. Sijaiuza kwa sababu kila kitu kingine kimekaa sawa, ila mke wangu ameshazoea harufu ya oili kwenye buti, maana galoni halishuki humo.

Karatasi ya mnada haikuambii gari linakula oili. Inakuambia mikwaruzo, mbonyeo, kutu na kama liliwahi kupata ajali kubwa. Injini wanaiwasha, ikiunguruma vizuri wanaandika inaunguruma vizuri.

Sasa mlima Kitonga. Ukiwa na watu watano, mizigo, na kiyoyozi kinafanya kazi, 2.4 inapanda lakini inalalamika. Inashuka gia ya pili inabaki huko huko inanguruma, na nyuma una basi linalokusukuma kwa taa. V6 hilo hailijui. Kama safari ya Songea ni ya mara moja kwa mwaka usiinunulie injini, utailipia foleni ya Kimara miezi kumi na mmoja. Kama unapanda mara kwa mara, hapo fikiria tena.

Mtwapa

Huku Kenya hatuna mjadala huo. Gari likizidi miaka minane haliingizwi nchini, kwa hivyo la mjomba wako lingekwama Kilindini. RX za umbo hilo ambazo tunaziona Mombasa ziliingia zamani, na wakati wa kuuza ndipo utajua. Mteja wa Harrier hupatikana siku hiyo hiyo. Mteja wa Lexus huja, huisifu, hukaa ndani, hugusagusa ile ngozi, kisha huondoka.

Mkaa Coventry

Mngoni, mimi niko huku, si mbali na Leicester. Nikuongezee mambo ambayo mjomba huenda asiyaone kwa kuwa ameyazoea.

Kwanza, anasema kweli kuhusu kodi. Magari yaliyosajiliwa hapa kuanzia 23 Machi 2006 yanayotoa zaidi ya gramu 255 za kaboni kwa kilomita yamo kwenye kundi la juu kabisa la kodi ya barabara, pauni zaidi ya 700 kwa mwaka, na V6 kama hiyo ndimo ilimo. Ndiyo maana gari kama hilo huku ni la bei rahisi. Gari halina kasoro, mtu amechoka kuilisha serikali. Usidhani bei ndogo ni dalili ya ubovu.

Pili, kutu. Majira ya baridi huku barabara zinamwagiwa chumvi ili zisigande, na ile chumvi inalala chini ya gari mwaka baada ya mwaka. Juu linang'aa, chini linaliwa. RX ya umri huo nimeiona imeinuliwa gereji, rangi haina hata mkwaruzo, lakini ile fremu ndogo inayobeba miguu ya nyuma fundi anaigonga kwa bisibisi vinadondoka vipande kama magamba ya samaki. Mabomba ya breki yanayopita chini nayo vivyo hivyo. Harrier ya Japani inaweza kuwa na kutu pia, hasa ikitoka Hokkaido na mikoa ya theluji, ila mengi ya kule hayana shida hiyo.

Tatu, na hili ndilo la bure: kila gari huku likifikisha miaka mitatu linakaguliwa kila mwaka, ukaguzi unaitwa MOT. Matokeo yote yako kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Ukiwa Kibaha na simu yako, unaingiza namba ya gari la mjomba, unaona lilifaulu au lilifeli mwaka gani, lilikuwa na maili ngapi siku hiyo, na mkaguzi alionya nini. Tafuta maneno ya kutu. Mnunuzi wa Japani hana kitu kama hicho mkononi, anayo karatasi ya siku moja ya mnada.

Nne, spidi mita ni ya maili. Kilomita zipo lakini zimeandikwa ndogo kwa ndani. Ukizoea vibaya, kibao cha 50 utakisoma kwa namba kubwa, na hiyo 50 ya maili ni kilomita 80. Askari wa tochi hatakuuliza gari limetoka wapi, ni elfu thelathini.

Kizuri ni kwamba usukani uko kulia kama huko nyumbani, taa zinamulika upande sahihi, na redio inashika stesheni zote. Redio ya Harrier ya Japani ya umri huo inaishia 90, kwa hiyo EFM 93.7 utaisikia kwa jirani mpaka ufunge kile kifaa cha kushusha mawimbi au ubadilishe redio yote. Na ile sauti ya Kijapani kila ukiwasha gari, watoto wataishika kwa moyo.

Mngoni wa Kibaha

Aisee sikutegemea darasa la namna hii. Shukrani kwenu wote.

Nimeingia kwenye hiyo tovuti, gari la mjomba lote lipo. Maili zinapanda kwa mpangilio mwaka hadi mwaka, hakuna ujanja. Limefeli mara moja, ilikuwa tairi na balbu. Kutu imeandikwa kwenye ukaguzi wa karibuni: fremu ya nyuma ina kutu lakini si ya kufelisha, na mabomba ya breki yana kutu kidogo. Mjomba nilipompigia akasema, "Hayo wanamwandikia kila mtu." Pia nimemuuliza habari za viti na taa. Taa zinageuka na usukani, mlango wa nyuma unafanya kazi, na kuna kitufe cha kupandisha na kushusha gari.

Nimeingiza magari yote mawili kwenye kikokotoo cha TRA. Tofauti ipo, inauma, lakini haijanitoa nje ya bajeti. Nilichoshangaa ni kwamba kodi imekaribia kuwa kubwa kuliko gari.

Harrier ya mnada wakala anasema mnada ni keshokutwa, niamue.

Dada Spea

Wakala siku zote mnada ni keshokutwa. Harrier za 240G hazimaliziki Japani, ukikosa hii kuna ya wiki ijayo.

Kodi usishangae. Forodha asilimia 25. Juu ya hapo ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa kuwa yote mawili yanapita cc 2000, na uchakavu asilimia 30 kwa kuwa yamezidi miaka kumi. Halafu VAT 18 juu ya mlima wote huo. Ukipiga kwa mkono unakuta kodi imeipita thamani waliyoanzia. Na hiyo thamani ni yao, ipo kwenye mfumo wao. Mjomba hata akikupa bure, risiti yake ya upendo hawaisomi. Kwa hiyo uliponitajia "bei ya ndugu" mimi nilishaiona: punguzo lako liko Leicester tu, Dar es Salaam unalipa kama mgeni.

Hicho kitufe cha kupandisha na kushusha sasa. Maana yake gari lina shokapu za upepo. Zikiwa nzima hakuna gari tamu kama hilo hapa mjini. Ule mpira wa hewa unazeeka, ukipasuka asubuhi unakuta gari limelala upande mmoja, kompresa inahangaika kulinyanyua mpaka nayo inaungua. Nikikutajia bei ya nne mpya utafunga simu. Wengi wanaishia kung'oa mfumo mzima wanafunga springi na shokapu za Harrier ya kawaida. Vinaingia bila kuchomelea, ni gari lile lile. Kinachobaki ni taa ya onyo kwenye dashibodi, na ulaini mtaupoteza. Weka hela ya kazi hiyo pembeni tangu leo, usisubiri lilale.

Na la oili, kwa kuwa Mnyalu kaisema 2AZ, haki nami niiseme 2GR. Za miaka hiyo zina bomba la oili lenye kipande cha mpira katikati, linapeleka oili kwenye mfumo wa valvu. Mpira ukichoka unapasuka ghafla na oili yote inamwagika barabarani, usipozima injini hapo hapo umeiua. Toyota walileta bomba la chuma tupu badala yake. Mwambie mjomba aulize kama lake lilishabadilishwa, vitabu anavyo, itaandikwa. Kama halijabadilishwa, lile la chuma nalo si ghali, ni kazi ya kwanza gari likifika, kabla hata ya kuliosha.

Ukiniuliza ningechukua lipi? Kwa kilomita 80 kwa siku, kama magari yote mawili yangekuwa ya watu nisiowajua, 240G bila kupepesa macho. Lakini hapa moja lina mtu. Miaka yote mkono mmoja, maili zimeandikwa na serikali, na unaweza kumpigia aliyeliendesha ukamuuliza lilikuwa linalia wapi. Hiyo kwenye biashara ya magari makuukuu huinunui. Ningechukua la mjomba, kwa masharti mawili: fremu ya nyuma iwe imara, na shemeji akubali ile laki mbili na ushee ya kila mwezi akiwa anaijua, asije kuisikia kwenye pampu.

Fremu ikiwa imeoza, mwache mjomba aliuze huko huko. Fremu nyingine ya kuifunga naweza kukupatia, lakini ukifika kuifungua, bolti zake zitakuwa zimeshikana na kutu, zinakatika kichwani moja moja, na fundi wa hapa hajazoea kutu ya Ulaya. Atakata na mashine mpaka asipotakiwa.

Mkaa Coventry

Naunga mkono. Na yale maneno ya mjomba, "wanamwandikia kila mtu", si kweli. Ni kweli wanaandika sana, ila fremu na mabomba ya breki siyo mambo ya kupita tu.

Mwambie alipeleke gereji walinyanyue, wampe nusu saa. Kwanza walipulizie maji ya presha chini, tope liondoke, maana tope linaficha. Kisha apige picha pale miguu ya nyuma inapojifunga kwenye fremu, pande zote mbili, na pale fremu inapojifunga kwenye bodi. Fundi agonge kwa bisibisi, apige video, sauti ndiyo itakuambia. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinadunda tu. Mabomba ya breki, kama yana magamba, yabadilishwe huku huku kabla ya meli, ni kazi ya kawaida kwa mafundi wa hapa.

Jambo jingine, ufunguo wa pili. Watu wengi huku wameupoteza na wanaona haya kusema. Mwambie autafute chini ya makochi. Kutengeneza mwingine na kuusomesha kwenye gari ni rahisi huku kuliko kuja kuutafutia huko.

Kipanga

Mimi nilisema chukua Lexus mapema, mkaniona sina akili.

Mngoni wa Kibaha

Nimemwambia wakala mnada huu unipite. Kanuna, ila amesema Jumatatu ananitafutia nyingine kama hiyo, Dada Spea umesema kweli.

Mke wangu nimempa hesabu ya mafuta kwa karatasi. Kauliza swali moja tu, kama gari likilala upande mmoja asubuhi watoto wataendaje shule. Nimemjibu shokapu za springi tutafunga mapema, akasema basi, lije.

Mjomba anakwenda kulinyanyua Jumamosi. Ufunguo wa pili ameukiri, haupo, anautafuta. Nitaweka picha hapa.

Dada Spea

Weka za chini, kaka. Za rimu tutaziona likifika.